Ni Mimi

Mwaka 2013, nyumbani Makere, mama na mdogo wangu wa kiume walikuwa na maneno mawili yaleyale.

Mama alikuwa na ugonjwa wa huzuni, anameza vidonge vya hospitali. Maharage yakioza: "Ni mimi." Mbuzi akikohoa: "Ni mimi." Tulishamzoea, tukawa hatumsikii.

Mdogo wangu naye alilala miezi amegeukia ukuta. Ghafla akachangamka. Majirani wakaja na salamu zao za "mwakeye" na makofi, wakasema amepona. Na mimi nilisema, nisiwalaumu wao peke yao.

Kisha akaacha kulala kabisa. Siku ya mvua ya mawe alipanda juu ya bati, kifua wazi.

"Mnaona haiingii ndani? Ni mimi! Ni mimi ninayeizuia!"

"Shuka, utakufa!"

"Nife mimi? Dada, umelala wewe!"

Mlangoni mama alikuwa amesimama. "Ni mimi," anasema. "Ni mimi."

Majirani walimshusha, mimi na mama tukampeleka hospitali Kasulu. Daktari, mtu wa mkoa mwingine, akauliza kama mgonjwa anatumia dawa yoyote. Nikajibu hakuna.

"Ni mimi," mama akasema kwenye benchi.

"Mama, acha. Daktari, msamehe, husema hivyo hata kuku akifa."

Daktari akamgeukia. "Mama, ni wewe umefanya nini?"

Hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza hivyo. Akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi tupu ya vidonge vyake. Alikuwa akimpa mwanawe vidonge hivyo. Aliona wote wawili wanalia kitandani, basi ugonjwa ni mmoja.

Daktari alieleza kwamba mdogo wangu ana ugonjwa wa pande mbili, kushuka na kupanda, na dawa ya mama ikitumika peke yake inaweza kumrusha juu. Alisema inaweza. Hakusema ndiyo iliyomrusha.

Mgonjwa akalazwa. Njiani mama akasema, "Kwa hiyo ni mimi."

Nikisema hapana, atajua ni uongo. Nikisema ndiyo, niliogopa atakachojifanyia.

"Vidonge ulimpa wewe, mama. Mvua ya mawe, hapana. Maharage, hapana."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ana mafua."

Akakaza fundo la kanga. Sijui hadi leo kama nilijibu vizuri.