Bodi ya king'ora cha mvua iliyonyamaza karafuu za baba zikiloa

Wakuu, assalaam alaykum, na wa salamu nyingine habari zenu. Ninayoandika yametokea nyumbani kwetu Gando, Pemba, msimu wa karafuu uliopita. Sina ninachouza hapa. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza.

Baba alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilishakwenda. Daktari akasema la pili linaokoka akipasuliwa mapema, na akichelewa ndiyo basi.

Safari ya Dar na huo upasuaji vyote vilitegemea karafuu zilizoanikwa uani.

Msiozijua karafuu: zinachumwa, zinachambuliwa makonyo, yaani vile vijiti vyake, zinaanikwa juani kwenye majamvi. Adui yake mvua. Kila nyumba msimu ule ina mtu wa kukaa na jamvi, na kwetu ni mama. Hata kukiwa na harusi mlango wa pili, haondoki.

Sasa shemeji yangu, mume wa dada, kasomea mambo ya umeme. Akamhurumia mama, akadizaini bodi ya king'ora cha mvua. Juu yake kuna nyaya nyembamba za shaba zimelala sambamba bila kugusana. Tone likianguka linaziunganisha, king'ora kinalia na simu ya mama inaita.

Faili la mchoro akalituma kiwandani nje ya nchi, zikaja bodi za kugawia ukoo mzima.

Moja tukaimwagia maji kwa kijiko. Ikalia mpaka kuku wakatawanyika! Dada akapiga vigelegele.

Mimi ni fundi simu pale Wete, nikamuuliza shemeji, "Na hizi nyingine hatuzijaribu?"

"Faili moja, kiwanda kimoja," akanijibu. "Ukionja kijiko umeonja chungu."

Ikaishia hapo. Mama akafungiwa ya kwake, ambayo haijawahi kuguswa na tone.

Haikupita muda akafariki bibi mmoja ng'ambo ya bonde, ndiye aliyemzalisha mama watoto wake wote. Kwetu msiba wa mtu kama huyo habaki mtu nyumbani. Baba akashikwa mkono kwenda kuzika. Mama akaitazama ile taa ya kijani ya king'ora, inawaka vizuri, akajifunga kanga akaenda.

Mvua za Pemba mnazijua? Upande huu inamwaga, upande wa pili watu wako juani. Ilianza kwetu. Mama alikuwa matangani simu iko mkononi, kimya. Mpaka mvua inavuka bonde na watu wanakimbia, karafuu nyingine zilishabebwa na maji hadi mtaroni.

Nilifika nikamkuta amepiga magoti kwenye matope anaziokota kwa viganja.

"Kidude chenyu hichi," akaniambia, "mbona chawaka taa na hakilii?"

Nikapiga magoti kando yake nikaokota naye. Nililia wakuu, siwafichi.

Tulizookoa hazikupata jua, mvua ilishikilia. Zikaota ukungu.

Ile bodi nikaipeleka kwenye hadubini ninayotumia kwa simu, nikaiweka pamoja na ile iliyolia. Wakuu, zilikuwa tofauti! Bodi hupakwa rangi ya kijani ya kukinga shaba, na pale panapotakiwa maji yaguse huachwa wazi. Kwenye bodi ya mama ile rangi ilikuwa imeteleza pembeni kidogo sana, upana wa unywele, ikazifunika zile nyaya. Mvua ilikuwa inanyeshea rangi.

Nikampigia shemeji kwa hasira. Akasema kiwanda kimekosea.

Nikaingia kwenye tovuti ya kiwanda. Hakijakosea kitu! Wameandika wazi kwamba rangi inaweza kuteleza kiasi fulani huku au kule, tundu linaweza kwenda pembeni, waya unaweza kupungua. Ndiyo inaitwa tolerance. Mtu wetu kachora uwazi kwenye rangi sawasawa na waya, hakuacha nafasi yoyote. Seremala wa kijijini haukati mlango sawasawa na fremu, anajua mbao zitavimba masika. Msomi mzima unashindwa na mlango?

Bodi iliyolia ilikuwa na bahati tu.

Baba alifika Dar tulipojichanga, kwa kuchelewa. Daktari alimmulika, akazima tochi, akatuambia hakuna cha kuokoa.

Nililojifunza: mchoro si kitu chenyewe. Soma kiwanda kinaruhusu kukosea kiasi gani, chora ukijua kitakosea hivyo, na jaribu kila bodi. Kila moja.

Wenye uzoefu semeni, nyie mnaachaje nafasi? Na shemeji kama unasoma, matusi yako yalete hapa hapa.

Majibu nitayasoma baadaye. Baba siku hizi anakaa na jamvi yeye, na sasa hivi ananiita, "Mvua yaja, anueni!" Mimi mbingu naiona nyeupe kabisa. Nakwenda kuanua, kwa sababu tangu apofuke hajakosea.