Kijakazi Aliyehamisha Ligi Yangu

Kijakazi nilimjua akikaanga chapati kule Bulyanhulu, akiwauzia wachimbaji wadogo. Leo ana banda la gemu hapa Masumbwe, ng'ambo ya barabara, linatazamana na langu. Kwa kuwa mimi ndiye jirani yake, habari zake nazijua kuliko wanaomsifu. Kalamu si kazi yangu, shule niliiacha nikaenda kuchunga, lakini ya Kijakazi nitayaandika.

Ni mtoto wa mfanyabiashara wa Tabora, Mwislamu, Kiswahili chake kimenyooka kama reli. Mumewe alikuwa dalali wa dhahabu, akaenda kutafuta huko Chunya, akaoa hukohuko. Kijakazi hakumfuata. Alimlea binti yake Safiya kwa chapati, na khanga zake hazikuwahi kukutwa na doa la mafuta. Hata hilo liliniudhi. Mimi nikipika uji tu, nguo inanisema.

Banda la kwanza hapa ni langu. Mwanangu Maduhu ndiye aliyeniletea kompyuta yenye gemu za mpira, na mimi ndiye niliyewaanzishia watoto ligi. Kila mtoto ana timu yake, na kompyuta inakumbuka nani kamfunga nani tangu mwaka juzi. Jumapili tukitoka kanisani wanacheza. Anayeshika mkia ndiye namgawia matobolwa kwanza, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, ndipo wengine wapate.

Kijakazi akaja na kompyuta inayowaka kabla mtoto hajakaa vizuri kwenye benchi. Yangu ilikuwa ukiiwasha, unaweza kwenda kisimani ukarudi, bado inazungusha kile kiduara. Watoto wakaanza kuvuka barabara. Nikasikia siri yake ni diski mpya, nyembamba, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na kwamba alihamishia vyote humo. Kumwuliza kafanyaje? Mimi? Nikapanda gari kwenda Kahama kwa fundi Edward.

Edward alitaka nimwachie kompyuta hadi kesho yake, ahamishe gemu pamoja na Windozi, yaani ule mfumo unaoiamsha kompyuta. Nikakataa. Kompyuta ikilala kwake, ligi yangu si itanakiliwa na kupelekwa kwa yule mwanamke? Halafu mimi ni Msukuma, kuhama sifundishwi. Ukihama unatanguliza ng'ombe, nyumba utajenga ukifika. Nikamwambia ahamishe gemu tu, atoe diski kuukuu, aweke mpya, hayo mengine yatafuata. Alibishana nami hadi akachoka. Mwisho akasema, "Mama, haitawaka hii. Usije ukasema sikukwambia."

Nyumbani haikuwaka. Kioo cheusi, maandishi meupe ya Kizungu. Ilikuwa Ijumaa, shule zimefungwa siku hiyo, na Jumapili ndiyo zilikuwa mechi za mwisho za ligi. Watoto walichungulia mlangoni, wakatazamana, wakavuka barabara. Nikamhesabia kosa kila mmoja wao.

Jioni Kijakazi akavuka kuja kwangu. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba bila kumtazama. Akasema watoto wamemweleza, na yeye anao waya wa kuunganishia diski. Akauliza ile ya zamani iko wapi. Nilikuwa nimeifanya kabari ya mlango wa banda la kuku. Alipoiona pale alifunika mdomo kwa khanga, mabega yakatikisika.

"Mama Maduhu, ligi yako imo humu," akasema. "Uliyohamisha ni michezo mitupu. Matokeo ya watoto yanakaa upande wa Windozi."

Nikaelewa palepale. Ng'ombe walifika, wachungaji nikawaacha wamelala nyumbani kwa zamani. Nikajua pia kwamba kitu pekee nilichokuwa nacho na yeye hana, sasa kiko mkononi mwake. Ng'ombe hawezi kulala kwenye mazizi mawili, lakini vitu hivi vinaweza. Ukivihamisha, vinabaki pia kule vilikotoka. Nikamwambia aache flashi zake nje.

Kijakazi hakukasirika. Alivua pochi, akaitundika kwenye msumari wa nje, akakung'uta na pindo za khanga nione.

"Ningeitaka ligi yako, Mama Maduhu, ningekuomba."

"Na ningekunyima."

"Najua. Ndiyo maana sikuomba."

Akakaa na kompyuta yangu, nami nikakaa na mikono yake. Akainuka kunywa maji, macho yangu yakainuka naye. Akairudisha diski kuukuu ndani, ile mpya akaiunganisha kwa waya, akahamisha diski nzima, mfumo, gemu na ligi, vyote kwa pamoja, kisha akafungua kompyuta akaiweka ile mpya mahali pake. Akaiwasha. Sikupata hata nafasi ya kukohoa, timu zote zikajipanga kwenye kioo, na ya mwisho bado ni ile ya mjukuu wa Magesa, anayeshika mkia kila mara.

Jumapili banda lilijaa. Nilipaswa kufurahi. Lakini mtoto mmoja akasema kompyuta ya bibi sasa ni kama ya Mama Safiya, na furaha ikanitoka kama hewa kwenye tairi. Hata wepesi wangu ni wa kwake.

Mechi zilipokwisha Kijakazi alikuwa amesimama mlangoni, anamwangalia yule mjukuu wa Magesa, amefungwa tena na bado anacheka, anatafuna, mashavu yamejaa. Akanisogelea, akaongea taratibu wengine wasisikie. Kwake, alisema, mtoto akifungwa mara mbili harudi.

"Unawafanyaje hawa wa mkiani mpaka wanarudi?"

Nikamtazama usoni. Mashine nzuri anayo, khanga safi anazo, na bado macho yake yalikuwa kwenye banda langu kama yangu yalivyokuwa kwenye lake.

Nikamwambia sijui. Nikafunika bakuli la matobolwa kwa upande wa kitenge changu, nikamkaribisha uji.