Mkono wa Kushoto Uwe Mrefu

Katika kwaya yetu ya akina mama, kwenye parokia moja ya Keshero, hapa Goma, mimi ndiye mwandishi wa mikutano. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nina mwandiko unaosomeka na kwa sababu siimbi vizuri. Ndiyo maana ninaweza kusema bila kubahatisha kwamba siku tulipochagua mshono wa sare ya sikukuu ya parokia tulikuwa wanawake kumi na wanne, na kumi na mmoja kati yetu walipiga kura ya mikono mirefu. Sare ya kabla ya hapo ilikuwa na mikono mifupi na hakuna aliyelalamika. Mama prezidenti aliuliza sababu ya kubadilisha. Mmoja alisema ni baridi ya ziwa. Wengine wakasema ndiyo, baridi. Nikaandika: "Sababu: baridi."

Mimi sikuwa nasikia baridi. Nilikuwa na vijiti viwili chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, upande wa ndani, juu ya kiwiko. Mwanakwaya akifika kwenye Aleluya huinua mikono, nguo ya mkono mfupi huteremka hadi begani, na mtu wa benchi la kwanza huona kila kitu. Kwenye benchi la kwanza alikuwa anakaa mama mkwe wangu.

Binti yangu wa tatu alizaliwa kwa kupasuliwa, kama wa pili. Kesho yake daktari alituambia wote wawili, mume wangu akiwa amesimama kwenye miguu ya kitanda, kwamba kovu la kizazi limekuwa jembamba kama karatasi, na kwamba nisishike mimba nyingine kwa miaka mitano kama ninapenda kuwalea hao watatu. Mume wangu alisema, "Tumesikia, dokta." Halafu alitoka kwenye veranda, akampigia mama yake simu Butembo, akamwambia kwamba mtoto ni msichana, wote wazima, kila kitu kimeenda vizuri. Nilimsikia kupitia dirishani. Nilidhani habari nyingine ataitoa baadaye.

Nilianza na vidonge. Vidonge vinataka saa ileile kila siku, na nyumba yenye watoto watatu haina saa ileile. Nilivificha kwenye mkebe wa maziwa ya unga, nikavisahau siku nne, nikaishi wiki mbili nikihesabu kwa vidole. Nikahamia kwenye sindano ya miezi mitatu. Baada ya sindano ya pili damu ilikata kabisa. Muuguzi alisema ni kawaida. Nilimwamini, na bado nilinunua vipimo vya mimba mara tatu, kwenye famasi tatu tofauti, ili mwenye famasi asinihurumie. Siku ya sindano ya nne ilipofika, barabara zilikuwa zimefungwa na kituo cha afya pia, na watu walikaa ndani ya nyumba kwa siku tisa. Goma si mji wa kuahidiana nao kitu kila miezi mitatu.

Kituo kilipofunguliwa niliomba vijiti, vinavyokaa miaka mitano bila kumuuliza mtu kama njia iko wazi. Muuguzi aliuliza, "Unaandika na mukono gani, mama?"

"Ya kuume."

"Basi tutaweka ku ya kushoto. Damu itakuja wakati yake yenyewe, haitapiga hodi. Usiogope."

Haikupiga hodi. Ilikuja mara mbili katika mwezi mmoja, ikapotea miwili, ikarudi ikakaa siku kumi na moja. Na katikati ya siku hizo kumi na moja mama mkwe wangu alifika kutoka Butembo kumwona mjukuu. Alikuja kwa wiki mbili. Barabara ikafungwa nyuma yake, akakaa miezi saba.

Ni mwanamke aliyeuza vikwembe sokoni kwa miaka thelathini, na hakuna kitambaa kinachoanikwa mbele yake asikisome. Alisoma kamba yangu ya nguo kwa wiki tatu, halafu akatoa jibu.

"Tumbo yako iko na baridi, mutoto yangu. Njo maana haishike."

Alipata majani kwa mwanamke mmoja anayeyaleta kutoka Rutshuru, akaanza kuyachemsha kila asubuhi. Aliyamimina kwenye kikombe kikubwa, akanipa kwa mikono miwili. "Kunywa. Jina ya muzee inangoja." Muzee ni marehemu mume wake, ambaye wajukuu wake wote kwetu ni wasichana.

Nilimuuliza muuguzi kama majani yanaweza kuharibu kazi ya vijiti. Alisema kuna dawa zinazoiharibu, hata baadhi ya majani, ila haya hayajui, basi nisinywe. Kwa hiyo kila asubuhi nilibeba kikombe hadi nyuma ya jikoni na kukimimina katikati ya mawe. Uwanja wetu ni mawe ya volkano, haubakizi hata tone. Mume wangu alinikuta mara mbili. Mara zote mbili alinisalimia akapita kwenda kazini.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikusema. Sababu ni shemeji yangu, binti wa mwisho wa mama mkwe. Ilipojulikana kwamba amechoma sindano, mama yake alimshika mkono akampeleka hospitalini ili itolewe. Waliambiwa sindano haitoki. Mama mkwe alisimulia habari hiyo mara nyingi nyumbani kwetu, kila mara kwa uchungu uleule. Mimi nilisikiliza nikijua kwamba vijiti vinatoka. Ni dakika kumi, dawa ya ganzi na wembe mdogo.

Sasa nirudi kwenye sare. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kununuliwa kabla ya kura, kwa kipimo cha mikono mifupi. Fundi alikuja ukumbini na santimita yake shingoni, akakipima, akatuangalia kama watu waliomtukana.

"Bamama, kikwembe haitoshe. Mikono mirefu mbili, sketi itaishia ku magoti."

"Ku magoti?" mama mmoja akasema. "Padri ataongoza misa macho imefungwa."

"Na bwana yako atarudi kusali," mwingine akamjibu.

Tulipomaliza kucheka, mama prezidenti alisema kwamba tuna bahati, kwa sababu mama mkwe wa mwandishi ni mtaalamu wa vitambaa na anakaa nyumba nne kutoka hapo. Alimtuma mtu kumwita kabla sijapata neno la kuzuia. Katika kumbukumbu za mkutano niliandika: "Tumeomba ushauri."

Mama mkwe alifika na mkoba wake. Alitandaza kikwembe juu ya meza, akakipima kwa mkono wake mwenyewe, kuanzia puani hadi kwenye ncha ya vidole, bila kuigusa santimita ya fundi. Alikikunja, akakikunjua, akafikiri.

"Inatosha. Mukate mukono moja murefu, ingine mufupi. Kule Kampala banavala vile, na banaona ni modeli."

Fundi akakubali, akachukua chaki. "Mufupi iwe upande gani?"

"Kuume!" tukajibu.

Tumefanya mazoezi miaka minne chini ya walimu watatu, na hatujawahi kuingia pamoja namna ile. Ni sauti moja tu iliyosema "kushoto", nyuma karibu na mlango. Ilikuwa ya mama anayeandika kwa mkono wa kushoto.

Mama mkwe aliinua kichwa polepole. "Juu ya nini kuume?"

"Ni modeli," mama prezidenti akasema.

"Ni baridi," mwingine akasaidia.

"Baridi inachagua mukono?"

Fundi aliangalia chaki yake. Mama mkwe alituzungukia kwa macho, mmoja mmoja, na niliona kwamba haangalii nyuso. Kisha alinikaribia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa jirani na meza, akanishika mkono wa kushoto juu ya kiwiko, kama mtu anayetaka kuegemea. Vidole vilivyotenganisha pamba na nailoni kwa miaka thelathini havikuhitaji muda. Vilikuta kijiti cha kwanza, vikakuta cha pili, vikaenda na kurudi mara moja kuhakikisha.

Aliniachia. Alimwambia fundi, "Kata." Akachukua mkoba wake akatoka.

Fundi aliomba ruhusa aende kunywa chai. Mlango ulipofungwa, mama wa pembeni yangu alinong'ona, "Yako iko mbili? Yangu iko moja, ya miaka tatu."

"Mimi pia mbili," akasema mama prezidenti, ambaye mume wake ni mkatekista. "Kichwa iliniuma mwezi muzima. Sasa iliacha."

"Mimi nilinenepa."

"We ulianza kunenepa zamani, usisingizie kijiti."

"Mama mukwe yangu anajua," mmoja alisema, "ila anafikiri ni ya kuzuia malaria."

Tulihesabiana. Tisa walikuwa na vijiti. Wa kumi anachoma sindano na mkononi hana kitu, lakini aliogopa kuwa tofauti na wengine. Wa kumi na mmoja ni mjane wa zaidi ya miaka sitini, aliyekuwa ametuangalia muda wote kwa mshangao. "Kumbe niko peke yangu na baridi?" akauliza. Hayo sikuyaandika.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Sikuwa nafikiria aibu, nilikuwa nafikiria kovu. Niliamua kwamba kituoni siendi, na kwamba nikishikwa mkono nitaukaza. Lakini mwanamke hawezi kuukaza mkono miezi saba mingine ndani ya nyumba moja, huku mume wake akisema habari za asubuhi. Nilijua kwamba vijiti vitabaki au vitatoka kwa neno la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na tabia ya kupita.

Jioni mama mkwe alipika mwenyewe. Alitenga fufu, sombe ya kisamvu na samaki wadogo wa sambaza, akawalisha watoto kwanza, akawatoa uwanjani. Tukabaki watatu. Alingoja mwanawe anawe mikono.

"Papa," akamwambia, kwa maana ndivyo anavyomwita akiwa na jambo zito. "Bibi yako iko na planingi ndani ya mukono. Ulijua?"

Mume wangu alikuwa ameshika tonge. Aliliangalia.

"Kama hukujua, nakuambia. Kesho asubuhi mimi na yeye tunaenda kule balimuwekea, babitoshe. Binti yangu alinishinda. Huyu hatanishinda."

Tonge lilirudi kwenye sahani. Nilimwangalia mume wangu na sikumsaidia. Nilikuwa nimemsaidia karibu miaka miwili.

"Havitoki, Mama," akasema.

"Muuguzi alisema vinatoka. Nimemuuliza nikitoka kule ukumbini."

"Vinatoka. Lakini havitatoka." Nikadhani amemaliza. "Ile siku nilikupigia simu, nilikudanganya. Hakukuwa vizuri. Daktari alisema kizazi kilibakia kidogo kipasuke. Alisema akishika mimba kabla ya miaka mitano anaweza kufa. Nilikuwa pale. Nilisema tumesikia."

"Na miye hukuniambia."

"Nilikuwa naona haya."

"Haya ya nini?"

"Kwamba utasema nioe mwingine."

Mama mkwe hakukana. Alichukua sambaza moja, akaitoa kichwa, akaiweka pembeni ya sahani bila kuila.

"Miezi sita napika majani," akasema. "Kila asubuhi nafufua moto. Unapita hapo, unaniona nikipuliza moto, unasema 'Mama umeamkaje'."

"Ndiyo, Mama."

"Na we," akanigeukia, "ulikuwa unayanywa?"

"Hapana, Mama."

"Hata kikombe moja?"

"Cha kwanza nilionja."

Alitikisa kichwa, na sikujua ni kwa ajili yangu au ya mwanawe. Alisema kwamba jambo hilo ni dhambi na ataliongea na padri. Alisema kwamba akina mama wa kwaya ni waongo wenye sauti nzuri. Alisema kwamba yeye alizaa tisa bila kijiti, akazika watatu, na alipotaja hao watatu aligeuka akaangalia mlango waliotokea wajukuu wake. Halafu akauliza, "Balikupa karatasi?"

"Kadi."

"Leta."

Nilikuwa naificha ndani ya foronya, chini ya kichwa cha mume wangu, ambaye pia hakuwa anajua kwamba iko hapo. Niliileta. Mama mkwe aliisogeza mbali na macho yake, akaisoma pande zote mbili, akaweka kidole kwenye mstari wa tarehe ya kutoa na kuuliza kama ni mwaka gani ule. Nikamwambia. Akahesabu miezi kimyakimya.

"Siku hiyo nitakuwa hapa," akasema. "Tutaenda bote watatu, na daktari ataniambia mimi kama kizazi imepona, si kwa simu."

Alinirudishia kadi. Kisha alimwambia mwanawe ale, chakula kinapoa, na akaongeza kwamba tarehe hiyo inaangukia katikati ya mvua, wakati barabara ya Butembo inakuwa matope matupu, kwa hiyo atakuja mwezi mmoja mapema.