Mbegu ya Kwanza ya Mwalimu Seline

Wale akina mama wa mtaa wetu wa Silanga walikuwa wananikera, haki ya Mungu. Mvua imenyesha, udongo kando ya bwawa umelainika, mbegu ziko tayari mikebeni, na wao wamekaa tu juu ya mitungi iliyopinduliwa. Ati wanamngoja Mwalimu Seline apande kwanza. Kwao kule upande wa ziwa, mkubwa wa umri ndiye hufungua upanzi, halafu wadogo wanafuata. Nikawauliza, kwani hapa ni kwenu? Shamba lenyewe si la baba ya mtu, mnalima tu kwa sababu hakuna aliyewafukuza. Wakaniangalia vile mtu huangalia mtoto anayeongea kanisani. Mimi Nabalayo, Mbukusu, si mtu wa ziwani, ningejua nini?

Seline alikuwa mwalimu wa nasari. Tulifundisha pamoja katika chumba kimoja cha mabati pale Silanga, miaka na miaka, mpaka mwaka huo wa tisini na sita. Mimi nilikuwa wa kelele. Yeye alinyamaza tu, na darasa likanyamaza naye. Hesabu alifundisha kwa kunde. Mtoto akijumlisha vizuri alipewa mbegu akapande shambani kwa mwalimu, pale kando ya bwawa, na akikosea alipewa pia. Nilipomwambia anawadekeza, alinijibu kwamba aliyekosea ndiye anahitaji zaidi kitu cha kumrudisha shuleni kesho.

Mboga za shamba hilo ndizo watoto walikula mchana, na wengine hawakuwa na chakula kingine mpaka kesho yake. Nilikuwa namtania, mama, hii ni shule ama ni hoteli? Alicheka akaendelea kukatakata sukuma.

Mume wake alifariki mtoto wao Austine akiwa bado ananyonya. Seline alilima na huyo mtoto mgongoni, akafundisha na huyo mtoto amelala kwenye gunia nyuma ya darasa. Austine alipokua akawa fundi wa mbao Kawangware, akapanga chumba Kabiro, huko huko Kawangware, mbali na Silanga. Mwaka huo mama yake akashikwa na kifua, akakonda mpaka leso ikawa inamzunguka mara mbili. Austine akamchukua akakae naye.

Kila nilipoenda kumwona Kabiro, nilimkuta ameshika pindo la leso. Ndani yake alikuwa amefunga kunde. Ombi lake lilikuwa lile lile, nimpeleke Silanga akatupe mbegu hata moja. Wenzake wamekwama, mvua itapita, watoto watakula nini? Na Austine naye, hata akipata shamba, hawezi kupanda kabla ya mama yake.

Nikasema basi, tutafute mkokoteni. Austine akakataa. Kuna baridi, kuna matope, mama atapona kwanza. Nilimfuata nje kwenye mfereji nikamuuliza ana shida gani, maana nilikuwa nimechoka na visingizio vyake. Aliangalia chini.

"Auntie, mama hajawahi kuacha kazi katikati," aliniambia. "Akishapanda atasema amemaliza. Wacha kwanza asipande."

Wacha we! Jitu zima na ndevu zake, anamshika mama yake duniani kwa kumnyima shamba. Nilimwambia kifo hakingoji upanzi wa mtu, na kwamba anamtesa mgonjwa bure. Ningeendelea, lakini alikuwa analia, uso umejikunja vile vile kama alivyokuwa akilia kwenye gunia.

Mvua ikaendelea. Seline akaacha kuomba. Aligeukia ukuta, hakutaja shamba wala Silanga, na akiulizwa kitu anasema sawa. Hiyo sawa ndiyo iliyomvunja Austine. Asubuhi moja nilipofika, alikuwa amesimama mlangoni na karai la kubebea mchanga aliloazima kwa waashi.

"Auntie, kaa na yeye. Naenda kumletea udongo wake apande hapa hapa."

Niliingia nikamwambia Seline. Aligeuka. Alifungua lile pindo mwenyewe, akamimina kunde kiganjani, akafunga mkono, akangoja. Akaniuliza kama Austine amefika. Nikasema yuko njiani. Nikapika uji akakataa. Akauliza tena, nikamwambia yuko karibu, na sikujua kama ni kweli. Hakuuliza tena. Nilipomshika bega alikuwa ameenda, na ule mkono bado umefungwa.

Austine alifika karai likiwa begani, maji ya matope yakimshuka shingoni. Alikuwa amelibeba kwa miguu kutoka Silanga. Aliniona uso, akajua. Akaliweka karai kando ya kitanda, akapiga magoti, akaushusha mkono wa mama yake juu ya udongo. Akamfungua vidole polepole.

"Panda, mama," alisema. "Nimeleta."

Kunde zikaanguka. Moja ilibaki imeshika kiganjani, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka nayo ikaanguka. Halafu akazifunika zote na udongo, vizuri, vile alivyofundishwa. Mimi nilitoka nje nikalia kwa sauti kama mtu aliyepigwa, na sijali nani alisikia.

Wakati Austine anatafuta njia ya kumpeleka mama yake kwao ziwani akazikwe, nilienda Silanga kuwapa habari wale akina mama. Walilia. Baadaye Aluoch, aliyekuwa mkubwa wao baada ya Seline, alinivuta kando. Majembe yalikuwa bado yameegemea ukuta.

"Nabalayo, niambie ukweli. Mwalimu alipanda?"

Mimi niliyewacheka. Mimi niliyesema hapa si kwenu.

"Alipanda," nikamwambia. "Kwa mkono wake."

Aluoch akachukua jembe, na wengine wakamfuata.