Bibi harusi alinizimia kinanda

Leo nimegundua nilikuwa pambo tu kwenye harusi ya mdogo wangu Koku.

Alinisihi mwenyewe nipige kinanda. Nikafika ukumbini Mkolani mapema, nikaweka sawa pedali ya mguuni, nikashusha sauti ya kinanda kwa oktava moja.

Maharusi wakaanza kuingia, nami nikaanza kupiga. Nikainua mikono yote miwili nipanguse jasho.

Muziki ukaendelea.

Jamani, fundi wa sauti alikuwa amechomeka waya wa MIDI, ule wa kuunganisha kinanda na kompyuta. Kompyuta yake ndiyo iliyokuwa inapiga, sauti ya kinanda changu ameizima.

Nikamnong'oneza, "Kaka, nani kakutuma?"

"Bibi harusi. Anaogopa utakosea, dada. Wewe chezesha vidole tu."

Koku akapita mbele yangu, tukatazamana, akainamisha macho.

Nimekaa pale hadi keki ikakatwa, halafu nikaondoka bila kumpa mkono wa heri.

Nyie mngefanyaje?