Penalti Iliyongojea Alasiri

Nakumbuka jioni moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nimesimama golini, miguu imejaa vumbi la changarawe, na mbele yangu mpira umewekwa kwenye alama ya penalti. Aliyekuwa aupige ni kijana aliyelala nyumbani kwetu Kibokoni, aliyekula nami sahani moja asubuhi ile ile. Ukiona ajabu, vuta subira. Mzee akisimulia hahimizwi.

Nimesikia kwamba nyinyi vijana mwataka kuifufua Ligi ya Likizo. Nimefurahi, tena sana. Lakini nimesikia pia kwamba mmeshagombana juu ya nani atachezea mtaa gani, na mpira wenyewe hamjanunua. Basi kaa nikueleze ligi ile ilivyokuwa, maana wengi wanaoisimulia siku hizi walikuwa bado wakinyonya.

Aliyeianzisha ni Maalim Abeid, mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu mfupi mwenye kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliona wanavyuo tukirudi likizo ndefu tunashinda barazani tukitafuna miraa na kubishana mambo tusiyoyajua. Aliona pia wenzetu wa bara, waliosoma vyuo vya huku pwani na kupata vibarua vya likizo bandarini na kwenye reli. Mabweni yakifungwa, hawakuwa na pa kulala. Maalim akayafunga matatizo mawili kwa kamba moja. Kila mtaa utoe timu ya wanavyuo, wenyeji na wageni pamoja, na kila mgeni apewe nyumba ya kulala.

Sasa sikiliza alivyokuwa mjanja. Mgeni hakulala katika mtaa aliouchezea. Alilala kwa wapinzani. Wageni wa timu ya mtaa wa Majengo walilazwa kwetu Kibokoni, na wageni wetu walilazwa Majengo. Watu walimcheka Maalim, wakasema uzee umempanda kichwani. Yeye akajibu kwamba mtu hawezi kukitukana chungu alimopakuliwa. Na kweli, msimu wa kwanza ulikwisha bila jiwe kurushwa, jambo ambalo kwa mpira wa kisiwani kwetu lilikuwa kama mvua ya kiangazi.

Kwetu sisi aliletwa Barasa, mshambuliaji wa Majengo, kijana wa Bungoma mwenye mabega mapana na aibu nyingi. Siku mbili za mwanzo mama alimtandikia mkeka mpya na kumwekea maji ya kuoga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kibokoni hatuna shamba, basi siku ya tatu mama akampa mbuzi ya nazi. Barasa alikuwa hajawahi kuiona. Alikizunguka kile kigoda chenye meno ya chuma akauliza kinakaliwa upande gani. Dada zangu walicheka hadi wakashika mbavu. Lakini kabla ya wiki kwisha, alikuwa akikuna nazi vizuri kuliko sisi wenye pwani yetu, na mama hakukubali tena tui la mkono mwingine.

Ligi ilikuwa na kanuni nyingine, na hapo ndipo kisa kilipozaliwa. Mechi zilianza baada ya swala ya Alasiri, na adhana ya Magharibi ikiingia, mpira umekwisha, uwe umefikia wapi. Waislamu waende kuswali, Wakristo wawangoje wakilinda viatu. Kwa kawaida muda ulitosha na kusalia. Ila siku ya fainali, Kibokoni na Majengo, mechi ya kutafuta mshindi wa tatu ilichelewa kwisha, na sisi tukaingia uwanjani jua limeshainama.

Tulipata goli letu mapema. Sare ingewatosha Majengo kuchukua kombe, kwa sababu walikuwa wametufunga katika mzunguko wa kwanza. Nahodha wetu Athmani alilijua hilo, na kipindi cha pili alikuwa akiliangalia jua kuliko mpira. Akiguswa bega, ameanguka. Akianguka, hainuki. Mara kamba za viatu zimefunguka, mara jicho limeingia mchanga. Nami kipa nilikuwa nikicheka kimoyomoyo, maana ujana na ushindi vikikutana, haya huomba ruhusa ikaondoka.

Kisha beki wetu akamkwatua Barasa ndani ya boksi. Penalti, wala haikuwa na mjadala. Athmani akaufungua mjadala. Alimwendea refa, mtu wa Taita aliyekuwa karani wa reli, akamuuliza alama imepimwa na nani. Akauinua mpira, akaupangusa kwa jezi, akauweka kando ya alama, akaambiwa aurudishe, akauweka kando tena. Barasa akangoja mikono kiunoni. Na hapo muadhini akaanza, Allahu Akbar, na Athmani akainua mikono juu na kutangaza kwamba mpira umekwisha na sisi ndio mabingwa.

Refa akapuliza kipenga kwa shingo upande. Kanuni ni kanuni.

Mwanangu, sikuwahi kuona furaha iliyochacha haraka vile. Watu wetu walipiga vigelegele viwili vitatu, wakaishia hapo. Nahodha wa Majengo hakupigana, na afadhali angepigana. Alisema kwa utaratibu kwamba wageni wao wote watoke Kibokoni jioni ile ile, na wageni wetu walioko Majengo wakachukue mikoba yao, na mwakani tucheze na kivuli chetu. Barasa akanijia, macho chini, akaniambia, "Omari, naomba unisindikize nikachukue nguo zangu." Niliumia. Kombe lenyewe sikuwa nimeligusa, na tayari lilikuwa linanitolea mtu nyumbani.

Tulikwenda kuswali. Tulipotoka, Maalim Abeid alikuwa amesimama mlangoni mwa msikiti, kwenye viatu, mahali ambapo hakuna wa kumpita.

"Athmani," akasema, "adhana ilikuitia nini leo?"

"Swala, Maalim."

"Sivyo. Wewe ndiwe uliyeiita, ije ikudakie mpira. Adhana ni wito, si kipa. Kipa munaye, huyu hapa, mrefu kama mnazi. Au mwamuweka pale awafukuze kunguru?"

Watu wa timu zote mbili wakacheka, nami nikacheka, ingawa mnazi nilikuwa mimi. Maalim hakucheka. Akasema kanuni ile aliiweka ili watu wawahi ibada, wala hakuiweka ili watu waikimbie haki kwa mgongo wa ibada. Kesho baada ya Alasiri mutarudi, akasema, penalti itapigwa, moja tu, kisha mpira umekwisha. "Na leo kila mtu alale alikolala jana. Asiyeweza hilo, ligi hii haikuwa yake tangu mwanzo."

Hilo la kulala ndilo lililokuwa gumu. Wazee wa Majengo waliteta kando, wakarudi wakasema sawa, kwa heshima ya Maalim. Lakini tulijua sote kwamba likitokea neno lolote katika nyumba zile kabla ya kesho, ligi imekwisha. Nikatembea na Barasa hadi Kibokoni, yeye ukingo wake wa njia, mimi ukingo wangu, watu wawili waliozoea kubishana njia nzima.

Hatujanawa wala kukaa, Athmani akabisha hodi. Akanivuta ukumbini, sauti ya chini. Alisema si lazima nimwambie Barasa akose. Nimkumbushe tu chumvi. Mwezi mzima amekula kwetu, amelala kwetu, amefuliwa hapa. Mtu mwenye adabu, akikumbushwa chumvi, mguu wenyewe hulegea.

Sikupata nafasi ya kumjibu. Mama alikuwa nyuma ya pazia na kichungi cha tui mkononi, na mama yangu hakuwa na desturi ya kujifanya hakusikia.

"Athmani mwanangu," akasema, "karibu chakula. Lakini neno hilo litoe nje kwanza, lisije likaingia chunguni. Huyu kijana nimemlisha kwa kuwa ana njaa. Sikumlisha kwa kuwa ana mguu. Chumvi ya nyumba hii si rushwa."

Athmani alikaa akala, maana mama alimlazimisha, akiteremsha kila tonge kwa maji. Barasa alipakuliwa kwanza, kama siku zote, kichwa cha samaki kikiwa chake. Nikamwambia mama kwa utani kwamba anamnenepesha mtu atakayenifunga kesho. Akanijibu, "Kesho ni yenu. Leo ni mgeni wangu."

Asubuhi nilimkuta Barasa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mbaazi, lakini polepole, mawazo hayako pale. Akaniuliza bila kuinua kichwa kama mama atakasirika akifunga. Kabla sijasema, sauti ikatoka jikoni: "Ukikosa kwa makusudi, hapo ndipo nitakasirika. Na hiyo nazi umeiacha na nyama kifuuni."

Akaikuna tena.

Alasiri ile uwanja ulijaa kuliko siku ya fainali yenyewe. Watu walikuja kuona mpigo mmoja. Mimi nilikuwa na siri yangu ndogo. Mwezi mzima nilimwona Barasa akicheza na watoto katika kichochoro chetu, na kila alipotaka kufunga kwelikweli, alipeleka mpira kulia kwa kipa, chini. Naye alijua kwamba nimemwona. Tulitazamana. Akachukua hatua zake, akapiga kulia, chini. Nami niliruka kulia, chini. Niliugusa, mwanangu. Hadi leo vidole hivi vinaukumbuka ule mpira. Ukanipita, ukaingia.

Nilijua utakakokwenda, na bado nilifungwa. Nililala pale chini nikajikuta nacheka. Barasa alikuja kunivuta mkono kabla hajawakimbilia wenzake, na Majengo wakalichukua kombe kwa haki yao. Athmani akawa wa kwanza kwenda kuwapa mkono. Sisemi kwamba alitabasamu, lakini alikwenda, na mkono aliutoa wote. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na siku ile Athmani alijiunga na washindani.

Sasa ngoja nikuchekeshe. Ilikuwa desturi ya ligi kwamba mfungaji wa goli la mwisho hulala na kombe usiku wa kwanza. Mfungaji alikuwa Barasa. Na Barasa alilala wapi? Basi kombe la Majengo lililala Kibokoni, juu ya kabati la mama, nao Majengo wakaja kwa nyimbo hadi mlangoni kwetu, mama akawajazia sharbati ndani ya kombe lenyewe wakapokezana. Baba yangu, aliyekuwa hapendi kelele, alitoka akanywa pia, akasema ina sukari kidogo.

Ligi iliendelea misimu kadhaa baada ya hapo. Ilikufa vyuo vilipobadilisha kalenda, likizo zikawa hazikutani tena, huyu yuko darasani, yule yuko nyumbani. Haikufa kwa ugomvi. Ilikufa kifo cha heshima, na ndiyo sababu inaweza kufufuliwa.

Miaka mingi baadaye mama alifariki. Nilikuwa nikishughulika na watu mlangoni, huyu nampa mkono, yule namwonyesha pa kukaa. Siku ya hitima nikapita uani kutafuta maji. Nikamkuta mwanamume mwenye mvi, mabega mapana, amekalia mbuzi ya nazi kati ya akina mama waliompisha, anakuna nazi ya wali wa watu. Alikuwa amesafiri kutoka Bungoma bila kuniambia. Alikuwa akilia, na mkono haukusimama. Akaniambia, "Hii siiachi na nyama, Omari." Nikakaa chini kando yake, nikalia na mimi, kilio kizuri ambacho hadi leo nakishukuru.

Wahenga wetu walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nawaheshimu, lakini Barasa hawakumjua.

Basi nasaha yangu ni hii, na nitaisema waziwazi ili kesho usiseme hukuielewa. Mkiirudisha ligi, irudisheni na kulala kwa wapinzani, maana bila hilo ni mpira tu, na mpira upo kila mahali. Kanuni iliyowekwa kwa ajili ya jambo jema, usiigeuze pango la kujifichia. Ushindi ukikujia kwa mlango wa nyuma, urudishe ukabishe hodi mbele, hata kama utakukosa. Na ukimlisha mtu, mlishe kisha usahau. Usiihesabu chumvi yako katika mguu wa mwenzio. Mimi kombe lile nililikosa kwa ncha za vidole, nikapata ndugu wa kuja kumkunia mama yangu nazi ya hitima. Ningepewa nichague tena, ningeruka kulia vile vile.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe miguu myepesi na moyo mzito, akupe wapinzani wenye haki na nyumba ambayo kila atakayelala humo atatamani kurudi. Na siku ya fainali mniletee kiti. Nitakaa nyuma ya goli, upande wa kulia.