Mabakuli Manane ya Mama

Nikikwambia niliitaka shule, amini. Kijiji chetu cha wakulima kando ya Tana, mwendo mfupi kutoka Garsen, hakikuwa nayo. Basi miaka ya hamsini hiyo mzee wa kijiji akatangaza: karani wa serikali anakuja kuhesabu watu. Watoto wakionekana wengi, tutajengewa shule; wakiwa wachache, tuendelee kufukuza ndege kwenye mpunga. Niliruka kwa furaha, jamani!

Aliyenitia tumbo joto ni mama. Kwetu mtoto hahesabiwi. Ukitaja idadi, umeyaita mauti yaje kupunguza. Na mama alikwisha kuzika wawili.

"Una watoto wangapi, mama?" karani akauliza, daftari pajani.

"Sisemi ng'o! Hata Waorma hawahesabu ng'ombe wao, sembuse mimi wanangu?"

Karani, kijana mpole wa Kipini, akafuta jasho. "Mama, serikali haili watoto. Inataka kujua wadogo ni wangapi na wazee wangapi, ijue pa kuweka shule na pa kuweka dawa."

"Na ijue bila mimi, mwanangu."

Nikaangua kilio. Cha hasira, si cha huzuni. Nikamwambia mama, mbele ya mgeni, kwamba nitabaki mjinga kwa sababu yake. Siku nyingine ningechapwa. Siku hiyo aliinuka, akaingia jikoni.

Kila mtoto wa mama alikuwa na bakuli lake la kibuyu, lenye alama yake. Akayatoa moja moja, akayapanga mkekani.

"Watoto sihesabu," akasema. "Vyombo vyangu hesabu upendavyo."

Karani akacheka, akahesabu, akaandika wanane.

Toba! Sisi tulikuwa sita. Nikafungua kinywa nimsahihishe, mama akanifinya paja. Ndipo nikayaona yale mawili ya mwisho, madogo, safi, ambayo sikuwahi kumwona mtu akiyatumia. Kumbe alikuwa ameyatunza miaka yote.

Shule ilijengwa, ya udongo na makuti. Asubuhi ya kwanza mama alinisindikiza hadi mlangoni. Nikamnong'oneza kwamba serikali tumeidanganya.

"Nani kaidanganya? Iliuliza wanangu, nami nikaionyesha wanangu." Akanifuta vumbi usoni kwa upindo wa leso yake. "Haya, ingia. Uwasomee na wenzio wale wawili."